Kilosa ya Mkonge, Kilosa ya Nailoni

Usiku wa kipupwe Kilosa huwa mkavu. Masika yamekwisha, mto Mkondoa umepungua, na vumbi la barabara za Magomeni limetanda juu ya majani ya miembe. Ndio wakati ambapo mtu anayekung'uta blanketi lake zito la dukani, lile lenye picha ya simba au maua makubwa, huona gizani cheche ndogo za buluu zikikimbizana na kusikia mlio mdogo kama wa chumvi iliyomwagwa motoni. Akishika nondo ya dirisha, kidole kinachomwa. Watoto hucheka na kutaka kurudia. Wakubwa wengine huvuta uradi.

Babu wa mtu huyo, aliyelala Kilosa mwaka 1950, hakuwa na habari ya jambo hilo kitandani mwake. Hewa ilikuwa hiihii, na kipupwe kilikuwa kikavu vilevile. Kilichokuwa tofauti ni matandiko. Babu alilala juu ya kitanda cha kamba, akatandika mkeka wa ukindu, akajifunika shuka ya pamba. Vitu hivyo vyote hunywa unyevu wa hewa, na kitu chenye unyevu hakikai na chaji ya umeme. Huiachia ikavuja polepole bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo umeme uliingia katika vyumba vya kulala vya wilaya hii kwa milango miwili. Umeme wa nguzo uliletwa na shirika, ukafungiwa mita na kulipiwa. Huu mwingine, umeme tuli, uliingia ndani ya marobota ya nguo, na hakuna aliyeuagiza. Na nyuzi zilizouleta ni za ukoo uleule wa zile zilizoua mkonge wa Kimamba, hapa wilayani.

Ajabu ni kwamba pwani yetu ilikuwa ikiuza nje kitu chenye tabia ya umeme tuli kabla ya reli na kabla ya Wajerumani. Sandarusi ni utomvu wa mti ulioganda na kuzikwa ardhini kwa muda mrefu mno, na Wazaramo na watu wa Rufiji waliuchimba kwa majembe na kuuza kwa wafanyabiashara wa pwani. Wenye biashara walijua kutenganisha chakazi, ambayo ni changa na laini, na ile ya kale iliyokomaa, iliyotafutwa sana kwa vanishi ya mabehewa na samani za Ulaya na Marekani. Kipande cha sandarusi kikisuguliwa kwa kitambaa kikavu huvuta kipande cha nyasi au unyoya, sawasawa na kaharabu ambayo Wagiriki wa kale waliishangaa miaka 600 kabla ya Kristo. Waliochimba walilipwa kwa uzito wa mzigo. Tabia hiyo ya kuvuta haikuongeza hata pesa moja.

Wanunuzi wakubwa walikuwa Wamarekani wa bandari ya Salem. Mwaka 1833 nchi yao ilifunga mkataba na sultani Seyyid Said, na mwaka 1837 mfanyabiashara wa Salem, Richard Waters, akaingia Unguja kama konsuli wao wa kwanza. Meli zao zilipakia sandarusi na pembe za ndovu, na zilipokuja zilishusha merikani, kitambaa cha pamba kisicho na rangi, ambacho bara kilikuwa kitambaa na fedha kwa wakati mmoja. Henry Morton Stanley alipolipanda bonde la Mkondoa mwaka 1871 akimtafuta mmisionari David Livingstone, sehemu kubwa ya mizigo ya wapagazi wake ilikuwa vitambaa vya namna hiyo, merikani na kaniki, vya kununulia chakula na kulipia hongo, yaani ushuru wa njia. Njia ya misafara ilipita hapahapa. Kwa maneno mengine, utomvu wenye kushika chaji uliondoka, na pamba isiyoshika chaji ikaja. Ukitazama kwa jicho la fizikia, ulikuwa mwanzo wa karne moja na zaidi ya usingizi usio na cheche.

Livingstone mwenyewe ndiye aliyetuachia maelezo mazuri kuliko yote ya umeme tuli katika Afrika ya karne ya 19, ingawa si ya kutoka kwetu. Yamo katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1857, katika sehemu inayohusu jangwa la Kalahari, ambako upepo wa joto huvuma kabla ya mvua. Anaeleza kwamba katika siku hizo fungu la manyoya ya mbuni likishikwa dhidi ya upepo hujaa chaji hadi likaukumbatia mkono na kutoa milio. Mtu aliyevaa joho la ngozi yenye manyoya akitikisika, cheche hutoka. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo alikuwa garini na mtemi mmoja. Aliona sehemu ya joho la mtemi iliyokuwa ikisuguana na gari iking'aa, akaisugua kwa mkono, ikatema cheche. Akamwuliza mwenzake kama haoni. Mtemi alimjibu kwamba jambo hilo hawakuonyeshwa na Wazungu. Lilikuwa kwao tangu enzi za mababu, kabla Mzungu hajatia mguu katika nchi ile.

Jibu hilo linanifurahisha kila nikilifikiria. Daktari Livingstone alidhani anatoa somo, akapewa somo. Baadaye alisikitika kwamba hakuuliza watu wale wanaliitaje jambo hilo, akasema hana shaka jina lipo. Ni kosa la wasafiri wengi wa zama zile: walipima urefu wa milima na upana wa mito, wakasahau kuuliza swali la dakika moja.

Wakati huo Ulaya ilikuwa imeuchezea umeme tuli kwa miaka zaidi ya 250. Mwaka 1600 William Gilbert, daktari wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, alichapisha orodha ya vitu vyenye tabia ya kaharabu: kioo, kiberiti, utomvu mgumu na vingine vingi. Lakini anayestahili kukaa karibu na sisi watu wa mkonge ni Stephen Gray. Alitoka katika kazi ya kutia nguo rangi mjini Canterbury, na uzeeni aliishi kwa msaada katika nyumba ya hisani ya Charterhouse, London. Mwaka 1729 aligundua kwamba chaji ya bomba la kioo lililosuguliwa husafiri kwenye uzi wa katani kwa mamia ya futi. Sharti moja: uzi huo uwe umening'inizwa kwa hariri. Aliponing'iniza kwa waya wa shaba, chaji yote ilipotea. Dunia ilijifunza hapo kwamba vipo vitu vipitishavyo umeme na vipo viuzuiavyo, na ilijifunza kutoka kwa fundi wa nguo aliyekuwa akichezea nyuzi. Mwaka uliofuata alimning'iniza mtoto wa kiume kwa kamba za hariri, akamtia chaji, na vipande vyepesi vikaruka kutoka chini kuufuata mkono wake.

Yaliyofuata yalikuwa nusu sayansi, nusu sarakasi. Mwaka 1746 Pieter van Musschenbroek wa mji wa Leiden alitangaza chupa yenye maji iliyoweza kuhifadhi chaji, baada ya kupigwa nayo kwa nguvu iliyomwogofya. Mwaka huohuo, huko Ufaransa, padri Jean-Antoine Nollet aliwapanga askari 180 wameshikana mikono mbele ya Mfalme Louis wa 15, akaupitisha mshtuko wa chupa hiyo, wote wakaruka kwa pamoja. Akarudia kwa watawa wapatao 200 jijini Paris, nao wakaruka vilevile. Mwaka 1752, kwa kufuata mawazo ya Benjamin Franklin, Wafaransa waliuvuta umeme wa mawingu kwa fimbo ndefu ya chuma, ikathibitika kwamba radi na cheche ya kidole ni kitu kimoja kwa vipimo tofauti. Mwaka 1753 Georg Richmann alijaribu jambo kama hilo Saint Petersburg, radi ikamuua palepale.

Ila kwa habari ya nyumbani, shujaa ni Robert Symmer, Mskoti aliyeishi London. Alikuwa na desturi ya kuvaa soksi ndefu jozi mbili kwa wakati mmoja, za hariri, nyeupe na nyeusi. Jioni akivua, zilitoa milio na cheche. Watu wengi walikuwa wameona kitu kama hicho wakavuta shuka wakalala. Symmer alikaa na soksi zake. Alizitenganisha, akaona kila moja imetuna na kushika umbo la mguu uliokuwa ndani yake. Nyeupe mbili zilikimbiana, nyeupe na nyeusi zilikimbiliana. Mwaka 1759 alipeleka matokeo yake mbele ya Chama cha Kifalme cha Sayansi, akashikilia kwamba umeme ni wa aina mbili zinazotafutana. Wafaransa walimkejeli wakamwita mwanafalsafa peku. Kejeli ilipita, soksi zikabaki katika historia ya fizikia.

Turudi Kilosa, maana huku nyuzi zilikuwa zinakuja kwa meli na treni.

Wajerumani walitaka pamba. Kufikia mwaka 1905 walikuwa wamewalazimisha watu wa kusini kuilima, na vita vya Maji Maji vilipoanza huko Umatumbi, kung'oa miche ya pamba kulikuwa tangazo la vita. Moto huo ulifika hadi Kilosa, ambako kituo kilishambuliwa mwezi Agosti. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka huohuo, ilifika Morogoro mwaka 1907, ikaipita Kilosa na kuingia Tabora mwaka 1912. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia kampuni ya Otto, wenye viwanda vya nguo huko Württemberg, ilikuwa ikilima pamba Kilosa kwa plau za mvuke. Pamba hiyo ilikwenda kufumwa Ulaya, katika viwanda ambako, kama ilivyokuwa Lancashire, hewa iliwekwa makusudi kuwa na unyevunyevu. Uzi mkavu husuguana na chuma, ukajaa chaji, nyuzi zikachanguka na kukatika. Wafanyakazi wa viwanda hivyo walikohoa katika unyevu huo ili kitambaa kitoke laini.

Mkonge ulikuwa na historia yake. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikafika Pangani miche 62 tu iliyo hai. Kutoka hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyoifunika Tanga, kisha yakafuata reli hadi Morogoro, Kimamba, Rudewa na Msowero. Katika wilaya ya Kilosa walowezi wa Kigiriki walikuwa miongoni mwa wenye mashamba waliojulikana sana. Manamba, vibarua wa mkataba, walisafirishwa kutoka mbali, wakapewa kadi za siku 30 za kazi ambazo mtu alizimaliza kwa wiki sita au zaidi. Majani yalikatwa, yakafungwa mafungu, yakaingia korona, mashine ya kuyakwangua, zikatoka singa za rangi ya kijani hafifu. Zikaoshwa, zikaanikwa juu ya nyaya juani hadi zikawa nyeupe, zikapigwa brashi na kufungwa marobota. Wingi wake ulikuwa kamba za kufungia ngano na nyasi katika mashamba ya Ulaya na Marekani. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha takribani tani 230,000, na hakuna nchi duniani iliyotushinda.

Lakini hatima yake ilikuwa imeshaanza kupangwa mahali pengine, katika mji mmoja, ndani ya wiki ambayo umeme tuli nao ulipata kazi mpya. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kupanga huko Astoria, New York, Chester Carlson alisugua kwa leso ya pamba bamba la zinki lililopakwa kiberiti, likapata chaji. Akaweka juu yake kioo chenye maandishi, akaliangazia kwa taa, akanyunyiza unga, na maandishi yakatokea. Ndiyo fotokopi ya kwanza. Leo mtu anayetoa nakala ya cheti cha kuzaliwa katika duka la vifaa vya ofisi pale mjini Kilosa anatumia umeme tuli bila kupigwa nao. Siku tano baadaye, tarehe 27 Oktoba, kampuni ya DuPont ilitangaza New York uzi mpya uliotengenezwa na Wallace Carothers na wenzake: nailoni. Mwaka 1941 John Whinfield na James Dickson walipata polyester, wakiwa waajiriwa wa chama cha wapiga chapa vitambaa vya pamba cha Manchester. Nyumba ya pamba ikamzaa mrithi wake. Mwaka 1954 Giulio Natta wa Milan akapata polypropylene iliyoweza kuvutwa kuwa uzi, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 uzi huo ulikuwa umeanza kufunga ngano badala ya singa zetu.

Bei ya mkonge ilianguka. Serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba mwaka 1967, ikarithi mali iliyokuwa inaporomoka sokoni. Wapo wanaolaumu utaifishaji kwa kila kitu, na ni kweli uendeshaji ulikuwa mbovu; hata hivyo aliyepanga bei hakukaa Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi nzima ulikuwa karibu tani 20,000. Mashamba ya Kilosa yalimezwa na magugu, watu wakalima mahindi kati ya mikonge iliyozeeka, na ugomvi wa nani mwenye ardhi haujakwisha mpaka leo.

Siri ya ushindi wa nyuzi hizo mpya ndiyo siri ya cheche. Katika hewa ya unyevu wa wastani, pamba hubeba maji kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake, na mkonge hubeba zaidi ya hapo. Nailoni hubeba karibu asilimia 4. Polyester haifiki hata nusu asilimia, na polypropylene ni kama haibebi kabisa. Ndiyo maana kamba ya polypropylene haiozi ikinyeshewa, na ndiyo maana shati la polyester hukauka kabla hujamaliza kufua mengine. Mkulima wa Marekani alipenda hilo, na mama wa nyumbani wa Magomeni alilipenda pia, kwa sababu nzuri. Gharama yake ni kwamba pasipo maji hakuna njia ya chaji kutorokea. Vitu viwili vikigusana na kuachana, kimoja huondoka na elektroni za mwenzake. Pamba husawazisha hesabu hiyo mara moja. Polyester hukaa na deni mpaka uguse chuma.

Nyuzi hizo ziliingia kwetu kwa awamu. Katika miaka ya 1960 zilikuja mashati ya tetroni yasiyohitaji pasi, magagulo ya nailoni na mawigi. Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1969, mawigi, sketi fupi na suruali za kubana vilipigwa marufuku. Hoja ilikuwa utamaduni. Kwamba gagulo la nailoni hulifanya gauni ligande miguuni halikuwa jambo la azimio la chama. Wakati huohuo serikali ilijenga viwanda vya nguo za pamba, Urafiki cha Dar es Salaam kikiwa kimefunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Kwa miaka kadhaa khanga na vitenge vya pamba ya nyumbani vilishikilia ngome.

Ngome ilivunjika katikati ya miaka ya 1980, milango ya biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilimwagika minadani: masweta ya akriliki, makoti ya polyester, mashuka mchanganyiko. Kisha yakaja mablanketi mazito ya China, ambayo ni polyester tupu, na mazulia, na viti vya plastiki, na makochi ya kitambaa chenye manyoya. Gunia likapisha mifuko ya salfeti na ile iitwayo sandarusi (si ule utomvu wa pwani), ambayo ni polypropylene iliyofumwa, hata kwa kubebea mahindi yaliyolimwa ndani ya shamba la mkonge. Televisheni nazo zilichangia. Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970, lakini Bara ilingoja hadi 1994, na TV za chogo zilipofika mikoani watoto waligundua haraka kwamba ukipeleka mkono karibu na kioo kilichowashwa, vinyweleo vinasimama. Nyuma ya kioo kile palikuwa na volti zaidi ya 20,000 za kusukuma elektroni, na kioo kilivuta vumbi kutwa nzima. Mama aliyelalamika kwamba anafuta TV asubuhi na jioni alikuwa akisema kweli ya fizikia.

Mbona basi watu wa Unguja na Dar es Salaam hawapigwi kama ndugu zao wa Ulaya? Bahari. Hewa yenye unyevu wa asilimia 60 na zaidi huweka utando mwembamba wa maji juu ya kila kitu, hata plastiki, na chaji huteleza humo. Ulaya na Marekani Kaskazini majira ya baridi, nyumba hupashwa moto, hewa ya ndani ikakauka mno. Watanzania wanaohamia huko hushtuka kupigwa na kitasa cha mlango kila siku. Kilosa iko katikati. Masika hakuna cheche. Kuanzia Juni hadi mvua za vuli, hasa alasiri na usiku wa kipupwe, zipo.

Sasa tuzungumze ukubwa wake, maana hapa ndipo hofu na dharau huchanganyika. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inapita Kilosa ikienda Dodoma, na waya ulio juu yake una volti 25,000. Mtu aliyevua sweta la akriliki usiku mkavu, au aliyejiburuza kwenye kochi akainuka, anaweza kuwa na volti 10,000 mwilini. Mshtuko hausikiki kabisa mpaka zifike kama 3,000, kwa hiyo ukiona umechomwa, ujue ulikuwa umeivuka idadi hiyo. Haikuui kwa sababu chaji yenyewe ni kidogo sana na inakwisha kwa kufumba na kufumbua. Nyuma ya waya wa treni kuna bwawa na mitambo. Nyuma ya sweta lako hakuna kitu.

Kutokana na hilo kuna jambo la kushika sana. Umeme tuli hupiga mara moja, ukaisha. Ukigusa friji, bati la ukuta, bomba au pasi ukapigwa, ukagusa tena ukapigwa tena, au ukahisi mtetemo unaoendelea, huo si umeme tuli hata kidogo. Ni umeme wa nguzo unaovuja, kwa kawaida kwa sababu waya umechubuka au nyumba haina waya wa kuupeleka ardhini. Zima swichi kuu, ita fundi mwenye leseni. Nimesikia watu wakiambiana kwamba friji ile "ina kawaida ya kuchezacheza". Kawaida hiyo imezika watu.

Dawa za umeme tuli wenyewe ni rahisi na za kale. Vaa na tandika pamba, hasa karibu na ngozi. Weka beseni la maji chumbani kipupwe kikizidi. Paka mafuta mikono, maana ngozi kavu huongeza tatizo. Ukiinuka kwenye kochi, gusa chuma kwa funguo kabla ya kidole; cheche itarukia funguo nawe hutaihisi. Na zulia la mkonge, ambalo Ulaya sasa huuzwa kwa bei ya juu likisifiwa kwamba halishiki chaji, lingeweza kutandikwa Magomeni pia kama lingepatikana dukani.

Limebaki jambo moja ambalo si la kuchekesha, yaani cheche karibu na mafuta, na wilaya hii ina sababu ya kulijua. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa mafuta, na malori yakaanza kuyabeba kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro na Mikumi, katika barabara ya vumbi ambayo madereva waliipa jina la jehanamu. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lenye urefu wa kilomita 1,710 lilianza kuyasukuma hadi Ndola. Mafuta yanapotiririka ndani ya bomba au kumwagika ndani ya tanki husuguana na kuta na kupata chaji, na ndiyo maana ghalani lori haliwekwi mafuta kabla halijaunganishwa kwa waya na ardhi. Cheche ya mwili wa mtu, ile ya volti 10,000, hubeba kiasi cha milijuli 5. Mvuke wa petroli uliochanganyika vizuri na hewa huwaka kwa chini ya milijuli 1.

Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuteka, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Siitaji Msamvu kwa kudai kwamba moto ule uliwashwa na umeme tuli. Naitaja kwa sababu kila anayeuza petroli ya bodaboda kwa chupa za maji kando ya barabara, au anayeihifadhi kwenye dumu uvunguni, anaishi na mvuke uleule.

Kwa hiyo, wewe mwenye dumu: lishushe chini kwenye udongo kabla hujalijaza, usilijazie juu ya kiti cha pikipiki wala ndani ya gari. Gusa chuma cha pampu kwa mkono mtupu kwanza. Mimina polepole, usivue sweta wala koti karibu na mafuta, na usihifadhi petroli katika nyumba ambamo watu wanalala.